Sifa za Roho: Mjadala wa Wanafalsafa na Matabibu wa Bara Hindi

Wanachuoni wa kale wa Bara Hindi waliafikiana katika mambo machache na kukhitilafiana katika mengi, lakini khitilafu iliyowashughulisha karne kwa karne, tangu zama za Upanishadi hadi zama za wafasiri wa mwisho wa Nyaya, madhehebu ya watu wa mantiki, ni hii ya sifa za roho: je, raha na maumivu, tamaa na chuki, elimu na juhudi, ni mali ya roho yenyewe, au ni mali ya maumbile, na roho huzitazama tu zikipita mbele yake, au hata hiyo roho haipo, ila ziko sifa tupu zifuatanazo bila ya mwenyewe?

Swali hilo halikubaki katika darasa za watu wa mantiki peke yao. Liliingia hata katika vitabu vya utabibu, kwa kuwa tabibu aliyeitwa kumtazama mgonjwa hana budi kujua ni nani anayeumwa. Charaka Samhita, kitabu kikuu cha Ayurveda chenye milango 120 iliyopangwa katika sehemu nane, ambacho kwa mapokeo yao ni mafundisho ya Atreya yaliyoandikwa na mwanafunzi wake Agnivesha, yakasahihishwa na Charaka na kukamilishwa na Dridhabala, huifungua sehemu yake ihusuyo mwili kwa maswali juu ya roho kabla ya kuhesabu mfupa hata mmoja. Kitabu hicho hicho huwafundisha matabibu kuwa majadiliano ni ya namna mbili, yale ya ndugu wa elimu watafutao haki pasipo hasira, na yale ya mahasimu watafutao ushindi. Na katika mlango mmoja huwaonyesha wenye hekima wamekusanyika pamoja na mfalme wa Kashi wakibishana juu ya asili ya mwanadamu na asili ya maradhi yake, huyu akisema ni roho, yule akisema ni nafsi, mwingine matendo, mwingine wakati, mpaka Atreya akawanasihi kuwa mwenye kung'ang'ania upande mmoja hataifikia haki.

Khabari za mabishano haya zilivuka mipaka ya Bara Hindi. Al-Biruni, aliyekamilisha kitabu chake juu ya nchi hiyo karibu na mwaka 1030, aliyafasiri kwa Kiarabu mafundisho ya Sankhya na ya Patanjali, na kabla yake matabibu wa Baghdad, katika dola ya Bani Abbas, walikwisha kufasiriwa vitabu vya Charaka na Sushruta.

Mjadala ufuatao ni wa namna ile ya kwanza. Wasemaji wake si watu waliopata kuishi; kila mmoja ni ulimi wa madhehebu yake, nami nimewakutanisha ili msomaji azisikie hoja zikigongana, kisha nitasema mwenyewe ninaloliamini. Nimeita roho kile wakiitacho atma au purusha, na nafsi ile ala ya ndani waiitayo manasi, ambayo kwayo roho huungana na milango ya fahamu.

MWENYE KIKAO: Mabwana wa elimu, karibuni. Ombi langu kwenu ni moja: kila atakayeitaja sifa aseme pia mahali inapokaa, kwani sifa isiyo na mahali haiwezi kutufaa sisi wala wagonjwa wa Bwana Tabibu. Bwana wa Nyaya, tuanze kwako.

MNYAYA: Ahsante, Bwana. Mwalimu wetu Gautama ametaja dalili sita ambazo kwazo roho hujulikana: tamaa, chuki, juhudi, raha, maumivu na elimu. Ndugu zetu wa Vaisheshika wameipanua hesabu hiyo, nao wanasema kuwa katika ulimwengu ziko dhati tisa, na roho ni mojawapo; na kwamba, kwa hesabu ya mwalimu wao Prashastapada, sifa zote ni ishirini na nne, ambazo kumi na nne katika hizo ni za roho. Tano ni za jumla, yaani idadi, ukubwa, kutengana na vitu vingine, kuungana na kuachana; na tisa ni zake makhsusi: elimu, raha, maumivu, tamaa, chuki, juhudi, wema utokanao na amali njema, uovu utokanao na amali mbaya, na athari ya yaliyopita ambayo ndiyo asili ya kumbukumbu. Hoja yetu ni nyepesi kuitamka, ijapokuwa ni nzito kuipinga. Sifa haisimami peke yake. Lazima iwe na mwenyewe. Mwenye elimu hawezi kuwa mwili, kwani maiti ana mwili na hana elimu. Hawezi kuwa jicho, kwani aliyepofuka hukumbuka alivyoviona. Tena, mtu amwonapo mwenziwe akila tunda kali, mate humjaa kinywani; jicho ndilo lililoona, na ulimi ndio ulioshughulika, basi ni nani aliyepokea khabari ya jicho akaupelekea ulimi, kama si mmoja aliye nyuma ya vyote viwili?

MBUDHA: Bwana wa Nyaya, umethibitisha kuwa ziko hisia, kumbukumbu na matamanio, na hayo hakuna ayakanushaye. Lakini umeruka kutoka kwenye sifa hadi kwenye mwenyewe kwa sababu ya mazoea ya kusema, si kwa sababu ya kuona. Sisi tumemchungua mwanadamu, tukaona mafungu matano: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia, na fahamu. Kila fungu huzaliwa kwa sababu na hutoweka kwa sababu. Kumbukumbu yenyewe haina haja ya mtu wa kudumu; yatosha kuwa fahamu ya sasa imezaliwa na fahamu iliyotangulia, nayo imerithi athari yake. Naye mwalimu wetu Vasubandhu ametahadharisha kuwa dhana ya mwenyewe si kosa la mantiki peke yake, kwani mtu akishasema mimi, hufuatisha yangu, na penye yangu hapakosi choyo na khofu.

MNYAYA: Nakubali kuwa choyo ni balaa. Lakini hakuna mtu akumbukaye alichokiona mtu mwingine. Ikiwa fahamu ya jana imekwisha na ya leo ni nyingine, aliyeona siye anayekumbuka. Na ukisema yatosha kuwa moja imezaa nyingine, basi elimu ya mwanafunzi nayo imezaliwa na elimu ya mwalimu, na bado mwanafunzi hakumbuki utoto wa mwalimu wake. Ndiyo sababu Udayana, katika karne ya 10, alitunga kitabu kizima kuihifadhi roho dhidi ya hoja zenu.

MBUDHA: Mwanafunzi na mwalimu ni mifuatano miwili, na mimi nasema juu ya mfuatano mmoja.

MNYAYA: Nami nauliza: huo umoja wa mfuatano umetoka wapi, ikiwa ndani yake hakuna kitu kimoja?

MWENYE KIKAO: Swali hilo limekaa mahali pake, na tuliache likae. Bwana wa Sankhya, naona umewasikiliza wote wawili kwa utulivu wa mtu asiyeridhika.

MSANKHYA: Ni kweli, Bwana, kwani wote wawili wametafuta mwenyewe wa sifa mahali pasipo pake. Mbudha hakumwona, akasema hayupo. Mnyaya amemkuta, kisha akamtwisha mizigo isiyo yake. Tazameni mwenendo wa raha: asubuhi ipo, adhuhuri imeondoka, jioni imekuja huzuni. Lau raha na huzuni zingekuwa sifa za roho, roho ingegeuka mara tatu katika siku moja, na kigeukacho huharibika. Mafundisho yaliyokusanywa na Ishvarakrishna yanahesabu asili ishirini na tano, na katika hizo ishirini na nne ni za maumbile: si mwili tu, hata akili, hata umimi, hata nafsi. Maumbile hayo yamesukwa kwa nyuzi tatu: satwa, iliyo nyepesi na yenye nuru, rajasi, isukumayo na kutikisa, na tamasi, iliyo nzito na yenye kufunika. Raha ni ya satwa, maumivu ni ya rajasi, na bumbuazi ni ya tamasi. Asili ya ishirini na tano ndiyo roho, nayo ni shahidi: haitendi, haipungui, haichanganyiki. Nazo roho ni nyingi, kwani watu hawazaliwi pamoja wala hawafi pamoja.

MVEDANTA: Umesema haki ulipoiondolea roho sifa, lakini ukageuka kuihesabu, ilhali hesabu nayo ni sifa. Ikiwa shahidi huyu hana rangi, hana ukubwa, hana huzuni wala furaha, ni kwa alama gani utampambanua wa kwako na wa kwangu? Mwenye hekima Yajnavalkya, katika Upanishadi iitwayo Brihadaranyaka, kila alipoletewa sifa aliikanusha, akaendelea kukanusha mpaka pasibaki ila kile kisichokanushika. Na Shankara, mwalimu wetu wa karne ya 8, amefundisha kuwa kilichobaki ni kimoja tu. Nakiri kuwa hata nyumbani mwetu mna khitilafu, kwani Ramanuja hakukubali roho iliyovuliwa kila kitu. Kwake yeye elimu ni sifa isiyotengana na roho kabisa, na roho ni mjuzi kwa dhati yake. Lakini sote wawili tunamshangaa Mnyaya. Yeye mwenyewe anafundisha kuwa siku roho itakapookoka, sifa zake zote tisa makhsusi zitaiondoka, haitajua wala haitafurahi. Basi, Bwana, roho hiyo iliyookoka itapambanuka vipi na jiwe?

MNYAYA: Itapambanuka kwa kuwa jiwe halikupata kuteswa. Aliyebanwa na maumivu makali haombi karamu. Anaomba maumivu yaishe. Mwulizeni Tabibu kama nasema uongo.

TABIBU: Husemi uongo, Bwana, nami nimelisikia ombi hilo kwa wagonjwa wengi. Niruhusuni niseme kwa kirefu, kwa maana kazi yangu imenilazimisha kupita katika nyumba zenu zote. Sisi twasema kuwa uhai ni muungano wa mwili, milango ya fahamu, nafsi na roho. Na kitabu chetu chafundisha kuwa nafsi, roho na mwili ni miti mitatu iliyoegemezana, ambayo ulimwengu wa viumbe umesimama juu yake, na mmoja ukiondolewa yote huanguka. Roho twaijua kwa dalili zake: kuvuta pumzi na kuitoa, kupepesa macho, nafsi kwenda na kurudi, kuhama kutoka mlango mmoja wa fahamu hadi mwingine, kusafiri ndotoni, jicho la kushoto kukitambua kilichoonwa na la kulia, na pamoja na hizo tamaa, chuki, raha, maumivu, juhudi, fahamu, ustahimilivu, akili, kumbukumbu na umimi. Dalili hizo huonekana kwa aliye hai na hazionekani kwa maiti, na kwa hiyo twasema ni za roho.

MSANKHYA: Hapo umejiunga na Mnyaya.

TABIBU: Subiri, bwana wangu. Kitabu hicho hicho, katika mlango wake wa kwanza kabisa, kimesema kuwa roho iliyo juu haibadiliki, ni ya milele, nayo huyaona matendo. Na palepale kikataja yale yanayoharibika. Katika mwili ni upepo, nyongo na belghamu. Katika nafsi ni rajasi na tamasi. Maskani ya maradhi ni hayo mawili, mwili na nafsi, wala roho haikutajwa kuwa ni ya tatu. Na mahali pa maumivu pamewekewa mipaka kwa uangalifu: ni nafsi, na mwili wenye milango ya fahamu, ila nywele, ncha za kucha na taka za mwili, kwa kuwa hizo hazihisi.

MNYAYA: Basi umezichukua dalili zangu, ukampa Msankhya milki yake. Mwili peke yake haujui kitu, na nafsi kwenu ni ala isiyojijua. Ikiwa maumivu yako katika vitu viwili visivyojua, na roho ijuayo haiguswi, ni nani anayelia usiku?

TABIBU: Anayelia ni yule wa muungano. Vitabu vyetu vinamjua mwanadamu aliye mkusanyiko, azaliwaye kwa matendo yatokanayo na ujinga, tamaa na chuki, na ndiye tunayemtibu. Sushruta naye amemhesabia sifa kumi na sita, tangu raha na maumivu hadi kukata shauri na kuvifahamu vitu. Tukivitenganisha vipande hatumwoni. Vikiungana, yupo, naye analia kweli.

MBUDHA: Bwana Tabibu, huyo wa muungano ni mafungu yangu matano uliyoyabadilisha jina!

TABIBU: Tumekaribiana, ndugu yangu, lakini hatukukutana. Kitabu chetu kimewajibu wasemao kuwa hakuna adumuye: kama hakuna, mmoja angetenda na mwingine angevuna, wala pasingekuwa na ukweli na uongo, wala amali njema na mbaya. Mimi huandika dawa ya siku nyingi. Namwambia mtu ajizuie leo ili apone mwezi ujao. Nami namwambia hivyo kwa sababu naamini kuwa atakayepona ndiye aliyejizuia.

MVEDANTA: Na hiyo roho isiyobadilika ina faida gani kwako? Huitibu, huigusi, huipimi.

TABIBU: Faida yake ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Tazama ugonjwa wa wazimu. Kitabu chetu chasema wazimu ni kuvurugika kwa mambo manane: nafsi, akili, utambuzi, kumbukumbu, mapenzi, tabia, harakati na mwenendo. Nimeyataja yote manane, na roho haimo. Mtu anaweza kusahau jina la mama yake, akawachukia aliowapenda, akatembea uchi sokoni, na mimi nikamkaribia nikijua kuwa aliye ndani hakuvunjika. Kwa imani hiyo simkatii tamaa.

MBUDHA: Hata hivyo nakutahadharisha. Ninyi mmezigawa nafsi za watu katika aina kumi na sita, saba za satwa, sita za rajasi na tatu za tamasi, na nyingine mmezipa majina ya mashetani na ya wanyama. Je, hamkumfunga mtu kwa jina kabla hajafungua kinywa?

TABIBU: Hatari hiyo ipo kwa tabibu mjinga. Lakini kitabu kimesema kuwa kwa hakika aina hazihesabiki, maana mwili na nafsi huathiriana. Hizo kumi na sita ni za kumfundisha mwanafunzi aseme vipi na mgonjwa wake. Nasi hatumwachi mtu ajitetee kwa tabia yake. Asili kuu ya maradhi kwetu ni kosa la akili: mtu hupungukiwa na ufahamu, au ustahimilivu, au kumbukumbu ya yaliyo haki, akatenda linalomdhuru. Vilivyopungua vyaweza kuongezwa, na dawa ya nafsi tumeiandika kuwa ni elimu, maarifa, ustahimilivu, kumbukumbu na utulivu wa ndani.

MNYAYA: Swali la mwisho. Sushruta anapomweleza mtu mwenye afya ataja upepo, nyongo na belghamu vilivyo sawa, moto wa tumbo ulio sawa, viungo na taka zake vilivyo katika kazi zao, kisha aongeza kuwa roho, milango ya fahamu na nafsi ziwe na uangavu na furaha. Ikiwa roho haibadiliki, kuna haja gani kuishurutisha iwe na furaha?

TABIBU: Namfahamu Sushruta kuwa amekusudia roho iliyo ndani ya muungano, iangazayo vizuri pale vyombo vyake vinapokuwa safi. Lakini naungama kuwa maneno yake yanakuelekea wewe zaidi kuliko mimi.

MWENYE KIKAO: Kikao kilichofika kwenye ungamo la haki kimefika mbali. Tufunge hapa.

Sasa niseme langu, kama nilivyoahidi. Katika swali lile la mwisho naona Mnyaya ameshinda, na ya kuwa matabibu wa kale hawakuyapatanisha kikamilifu mafundisho ya roho isiyoguswa na mafundisho ya roho ifurahiyo. Wala siwalaumu. Mwenye kutunga falsafa aweza kuchagua upande mmoja akaufuata hadi mwisho, lakini mwenye kutibu wanadamu amelazimika kuamini mambo mawili kwa pamoja: kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya kweli na yana mwenyewe, na kwamba hayakummaliza mwenyewe huyo. Akiliacha la kwanza, atakuwa na moyo mgumu, akimwambia mtu anayeungua kuwa moto haumhusu. Akiliacha la pili, atakata tamaa haraka, na wa kwanza kukatiwa tamaa watakuwa wenye wazimu, walevi, na wote ambao tabia zao zimeharibika machoni pa watu.

Ninaloliamini ni kuwa mahali tunapoiweka sifa ndipo tutakapoipeleka dawa. Tukiiweka chuki ya mtu katika dhati yake, hatutakuwa na la kumfanyia ila kumhukumu na kumtenga, kwani dhati haitibiki. Tukiiweka katika nafsi, iliyotikiswa na rajasi au kufunikwa na tamasi, tutatafuta lililoitikisa na lililoifunika, tutamfundisha, tutamzoeza ustahimilivu, tutamkumbusha wema alioujua zamani. Hayo ni matibabu, nayo yana kazi na siku na matumaini. Mzazi amwonapo mwanawe ni mkaidi, mwalimu amwonapo mwanafunzi wake ni mzito, na kadhi amwonapo mshitakiwa mbele yake, kila mmoja hana budi kuchagua, ajue asijue, kati ya njia hizo mbili.

Haiwalazimu wasomaji wetu, walio na itikadi zao juu ya roho na Muumba wake, kuzipokea itikadi za Bara Hindi ili wanufaike na adabu hii. Yatosha waipokee nidhamu ya kuuliza, kabla ya kumtamkia mtu hukumu ya mwisho, kama kilichoharibika ni yeye au ni kitu alicho nacho. Na mimi nashikilia kuwa matabibu wale, walioandika mambo manane yavurugikayo katika wazimu wasiitie roho katika hesabu, walijibu swali hilo kwa namna iliyomwachia kila mgonjwa heshima yake yote.